Nilivyoongea na mama mwenye nyumba kuhusu kodi ya jengo kwenye LUKU

Wapangaji wenzangu wa Dodoma, hili linatuhusu sana. Mimi nimepanga Nkuhungu, na kila Julai sheria mpya ya fedha ikianza huwa nakaa na salari slipu na meseji za LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, napiga hesabu upya, maana huku wanapunguza kule wanaongeza na usipoangalia vyote pamoja huwezi kujua umebaki na nini.

Mshahara wangu ni laki 7, ukitoa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa pensheni, inabaki 630,000 ndo inakatwa PAYE, yani kodi ya mshahara. Kabla ya Julai 2020 hapo ulikuwa unakatwa 75,600, wakapandisha kiwango kisichokatwa kutoka 170,000 hadi 270,000 ikashuka mpaka 44,500, afu 2021 kiwango cha chini cha kodi hiyo kikatoka asilimia 9 kikawa 8 nikawa nakatwa 42,000. Kwa kweli nafuu ya 2020 niliisikia. Ya 2021 ilikuwa 2,500 tu, na mwaka huohuo zikaja tozo za miamala ya simu na Agosti kodi ya jengo ikaingia kwenye LUKU, buku kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. 2023 tozo za kutumiana hela kwa simu zikafutwa, ila ya jengo ikapanda ikawa 1,500, yani 18,000 kwa mwaka. Usiponunua umeme mwezi huu haipotei, inakusubiri mwezi ujao.

Sasa hiyo kodi ni ya mwenye nyumba. Mpangaji unailipa kwa sababu tu mita unaitumia wewe, na kisheria unatakiwa urudishiwe. Wengi tunanyamaza tunaogopa kufukuzwa, na mimi naona hiyo sio haki kabisa.

Nilichofanya, sikufuta meseji hata moja ya LUKU, ile inayoonyesha makato. Mkataba ulipokaribia kuisha nikaenda kwa mama mwenye nyumba, nikamwamkia vizuri, nikamwambia mama shikamoo, naomba tuangalie hizi pamoja. Akasoma akaniuliza, "Mwanangu, kwahiyo hii ya serikali nilikuwa nalipiwa na nyie?" Hakuwa anajua, maana mita ya kwake anaona makato yake tu. Tukakubaliana nikilipa pango la miezi sita napunguza 9,000, na tukaiandika kwenye mkataba ili hata akija mwanae kukusanya pasiwe na ubishi.

Ukienda nenda na meseji zako, na nenda kabla hujalipa pango, ukishalipa kuidai inakuwa ngumu.