Kifuniko cha njano

Mafua makali yaliponiisha, harufu hazikurudi. Pua haikuwa imeziba, nilipumua vizuri tu, ila kila kitu kilikuwa kimya. Nikaanza mazoezi ambayo Thomas Hummel na wenzake wa Ujerumani waliyaeleza mwaka 2009: unanusa waridi, limau, karafuu na mkaratusi, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Chupa zangu nne nikazipaka vifuniko rangi. Njano ilikuwa ya limau, kahawia ya karafuu.

Wiki ya tano niliosha vifuniko vyote, nikavirudisha ovyo. Jioni nikashika chupa ya kifuniko cha njano, nikanusa. Limau. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nilivuta pumzi ya pili, safari hii kuna kitu kikakataa: ukali ule ulikuwa na moto ndani yake, na limau halina moto. Nikafumba macho. Karafuu! Ilikuja nzima, kwa mpigo mmoja, nami nikalia palepale.

Tangu hapo jambo hili limenishika. Ubongo haungoji pua imalize kazi. Jicho limeshapeleka habari na jibu limeanza kuandaliwa. Jay Gottfried na Raymond Dolan, London, mwaka 2003, waliwaonyesha watu picha huku wakiwanusisha harufu. Picha na harufu zilipopatana, watu waliigundua harufu upesi na kwa usahihi zaidi, na hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu, ikachangamka, pamoja na sehemu ya ubongo iliyo juu ya macho. Zisipopatana, msaada huo haupo.

Kuna na lile jaribio la Bordeaux la mwaka 2001. Wanafunzi 54 walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Wengi huwacheka. Mimi siwezi, maana nilishika karafuu mkononi nikaiita limau. Harufu peke yake ni ngumu kuipa jina hata kwa mwenye pua nzima, kwa hiyo ubongo hukamata chochote kilicho karibu.

Lakini pua nayo ina kauli. Mwaka 2010 watafiti wa China na Marekani walionyesha kila jicho la mtu picha yake, moja ya waridi, nyingine ya kalamu ya wino mzito. Ukitazama hivyo, picha hupokezana, mara hii mara ile. Watu waliponusa waridi, waridi lilikaa machoni muda mrefu zaidi. Nilipolisoma hilo nilifurahi kama mtu aliyepewa habari njema za mgonjwa wake.

Rangi nimezikwangua zote. Sasa nimeandika namba chini ya chupa, nazichanganya nikiwa nimefumba macho, nanusa, nataja, ndipo nageuza kutazama. Jana nimepata tatu. Mkaratusi bado uko mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde.