Bastola ya bei nafuu: pa kubadilisha na pa kuacha kama palivyo

Mtutu wa bastola ya bei nafuu ya milimita 9 mara nyingi hauna tatizo. Bei imepunguzwa kwingine: vilengeo vya plastiki, magazini (kasha la risasi linaloingia ndani ya mpini) moja au mbili tu ndani ya boksi, mpini unaoteleza kiganja kikitoka jasho, na kifyatulio kinachokwaruza kabla ya kuachia. Wengi hukimbilia kifyatulio kwanza, na ndipo wanapoharibu silaha nzima iliyokuwa haina kosa. Mimi ningekiweka mwisho kabisa.

Kabla hujagusa bisibisi, toa magazini, ndipo uvute slaidi, kile kipande cha juu kinachokwenda nyuma na mbele. Ukianza na slaidi, risasi nyingine inapanda chemba (tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi ya kupigwa), halafu unatoa magazini ukiamini bastola iko tupu. Tazama chemba kwa macho, kisha ipapase kwa kidole. Risasi zote zikae chumba kingine. Na kwa kuwa kila nchi ina sheria yake kuhusu vipuri vya silaha na idadi ya risasi ndani ya magazini, ijue sheria hiyo kabla ya kuagiza.

Pesa ya kwanza iende kwenye magazini za kiwandani, nne au tano. Zipige namba kwa rangi sehemu ya chini. Bastola ikikwama, andika namba ya magazini iliyokuwamo. Mara nyingi utakuta lawama zote zinaangukia namba moja tu, nawe ulikuwa karibu kuisaga njia ya kupandia risasi bure. Vile vitako virefu vya chini ya magazini vinavyoongeza risasi mbili vina mtego: springi ya zamani haina nguvu ya kusukuma safu iliyorefuka. Risasi ya mwisho inachelewa kupanda, au slaidi haibaki wazi magazini ikiisha. Kitako kirefu bila springi yake ni nusu ya kazi.

Mpini ni kazi ya saa moja. Kata utepe wa kushikia, ule wenye chembechembe kama msasa, futa plastiki kwa spiriti, ubandike, upashe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, ukandamize pembe zote, kisha uache mpaka kesho yake. Usizibe kitufe cha kuachia magazini. Kuchoma nukta kwenye mpini kwa chuma cha moto cha kulehemea nyaya kunapendeza kwenye picha, lakini plastiki iliyoyeyuka hairudi, na ukuta wa mpini ni mwembamba. Ukizama mno, uvimbe unatokea ndani na magazini inakwama njiani.

Vilengeo ndivyo vinavyolipa zaidi, ila usivibadilishe kabla ya kujua bastola inapiga wapi. Weka mikono juu ya mfuko wa mchanga, mita 10, piga mafungu matatu ya risasi tano tano. Mtu wa mkono wa kulia ambaye risasi zake zinakwenda chini kushoto kwa kawaida anavuta kifyatulio kwa pupa. Kilengeo hakina hatia. Mwombe mwenzako achanganye risasi bandia moja kati ya tano bila wewe kujua ipo wapi. Itakapofika zamu yake, utaona mdomo wa mtutu ukichovya chini, na jibu utakuwa nalo.

Kama kosa linabaki hata ukivuta vizuri, fanya hesabu: kosa mara umbali kati ya vilengeo viwili, gawa kwa umbali wa shabaha. Inapiga chini sentimita 6 kwa mita 10, na vilengeo vimeachana milimita 150: 60 mara 150, gawa kwa 10,000, ni milimita 0.9. Kilengeo cha mbele kinatakiwa kishuke kwa kiasi hicho. Cha nyuma husogezwa upande unaotaka risasi iende. Cha mbele husogezwa kinyume.

Kukitoa cha nyuma, vua slaidi, ondoa mtutu na springi, ubane slaidi kwenye jiliwa lenye vipande vya mbao au plastiki ngumu mdomoni. Tumia ponchi ya shaba nyekundu au nailoni, maana ya chuma itaacha kovu. Kipya kinatakiwa kiingie kwa mkono mpaka karibu theluthi ya njia, kisha kigongwe au kisukumwe kwa kifaa chake. Kikikataa, piga tupa tako la kilengeo, msasa kwenye kioo, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Usiguse mfereji wa slaidi, ule kilengeo kinamokaa: kilengeo kipya kinanunulika, mfereji uliopanuka haurudi. Vilengeo vingi vinavyong'aa gizani vina vioo vidogo vyenye gesi ya tritiamu. Hivyo visukume kwa kifaa, usivigonge. Mwanga wake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo vya mtumba uliza mwaka vilipotengenezwa.

Springi ya kurudisha slaidi haihitaji kuwa ngumu zaidi ili bastola iwe bora. Ikiwa ngumu mno, risasi hafifu hazisukumi slaidi mpaka mwisho, ganda tupu la risasi linabanwa kwenye mlango wa kutokea. Ikiwa laini mno, slaidi inaipiga fremu na haifungi vizuri. Bastola ikiwa tupu, elekeza mtutu juu, bonyeza kifyatulio na ukishikilie, vuta slaidi nyuma kisha uirudishe taratibu kwa mkono. Ikisimama kabla ya kufunga kabisa, springi imechoka: nunua nyingine ya uzito uleule.

Sasa kifyatulio. Kwenye bastola nyingi za aina hii kinahitaji nguvu ya kilo 2.5 hadi 3. Vifurushi vya kukilainisha huja na springi laini ya pini ya kufyatulia, na hapo ndipo shida inapoanzia: pini inagonga kwa unyonge, fataki ngumu (viwashio vidogo kwenye kitako cha risasi) haziwaki, unabaki na risasi yenye kidonda kidogo isiyolia. Kupiga tupa pale vyuma viwili vinapokamatana ni hatari zaidi, kwani tabaka gumu la juu ya chuma ni jembamba na pembe ikikosewa bastola inaweza kulia ikianguka, au kulia mara mbili kwa mvuto mmoja. Kazi hiyo ni ya fundi wa silaha. Dawa ya bei rahisi ni kufyatua bila risasi, chembani kukiwa na risasi bandia, mara elfu moja hivi kwa siku kadhaa, halafu tone la mafuta. Mkwaruzo mwingi unaondoka wenyewe.

Ukibadilisha kipande chochote cha ndani, pima bila risasi kwanza. Vuta kifyatulio, kishikilie, rudisha slaidi nyuma na uiachie, kisha legeza kidole polepole mpaka usikie mlio mdogo wa kukamata tena. Vuta tena: lazima usikie pini ikiruka mbele. Uwanjani, magazini ya kwanza iwe na risasi mbili tu, ili kama italia mfululizo ujue mapema kabla ya risasi kumi na tano kukutoroka mkononi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, kisha piga risasi 200 bila kukwama kabla ya kugusa kingine.

Ukifunga kilengeo cha nukta nyekundu, jihadhari na urefu wa skrubu. Ikiwa ndefu kupita kiasi, hata kwa milimita moja, inaweza kugusa sehemu za kucha ya kutolea ganda, na bastola itaanza kuacha maganda ndani bila sababu inayoonekana. Toa mafuta kwenye nyuzi, weka tone la gundi ya skrubu ya bluu, kaza kwa kipimo alichotoa mtengenezaji, kisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye skrubu hadi kwenye mwili wa kilengeo. Mstari ukivunjika, skrubu imelegea.

Vipande vya asili vitie kwenye mfuko, uandike jina la kila kimoja.