Lile Joho la Troa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni 2 Timotheo 4:9-21, barua ya mtume Paulo kwa Timotheo. Lisome lote kwanza, halafu urudi kwenye mistari miwili ambayo wengi wetu huipita mbio kama salamu tu za mwisho wa barua. Mstari wa 13: "Lile joho nililoliacha kwa Karpo huko Troa, ujapo ulete, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi." Na mstari wa 21 unaanza hivi: "Jitahidi kuja kabla ya wakati wa baridi."

Nimeuchagua ujumbe huu kwa sababu Mei inaisha. Huku Makete asubuhi majani yameanza kuwa meupe, na watoto wanakuja shule mikono wameificha kwapani. Nami kila mwaka wakati huu ukifika naukumbuka mwaka 2014.

Aprili ile nilipangiwa kituo changu cha kwanza cha kazi ya ualimu. Mimi ni mtoto wa Tanga, na sikuwa nimewahi kuvuka Morogoro. Nilitoka nyumbani na begi moja, ndoo, Biblia, kanga sita na sweta moja jepesi, maana kwetu sweta ni vazi la mtoto mchanga. Basi likapita Chalinze, Iringa, Makambako, na usiku likanishusha Njombe, ambako watu wananisalimu "kamwene" nami nashindwa hata kuitikia. Nililala hapo. Kesho yake nikanunua godoro, tukaianza barabara ya Makete, kilomita mia moja na kitu. Siku hizi ni lami. Wakati ule ilikuwa ya udongo, mvua za masika zilikuwa hazijakatika, na tulishuka kusukuma basi mara nyingi kiasi kwamba niliingia kijijini nikiwa na tope hadi magotini.

Kijiji chenyewe kiko upande wa uwanda wa Kitulo, ule ulio kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ambao tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa sababu ya maua yake, na nilipofika maua yalikuwa bado yapo, nikapiga picha nikawatumia rafiki zangu. Nikasema moyoni, Bwana amenileta mahali pazuri. Na alikuwa amenileta kweli. Ila maua yale ni ya majira ya mvua. Kufikia Juni nyasi zote zilikuwa za kahawia, na asubuhi maji niliyoyaacha nje kwenye beseni yalikuwa na utando wa barafu.

Jirani yangu alikuwa bibi mmoja aliyelea wajukuu sita. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011-12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa mkoa wa Njombe wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango kikubwa kuliko mkoa wowote nchini. Mimi niliijua namba hiyo kwa kupitia nyumba ile: wazazi wa wale watoto walikuwa wamelala nyuma ya shamba la viazi. Kila asubuhi nikitoka kwenda shule bibi alikuwa uani, nami namwamkia shikamoo, naye anaitikia, kisha anauliza, "Mwalimu, umelalaje na baridi hii?"

"Salama bibi. Nimeshazoea."

Sikuwa nimezoea. Nilikuwa nalala nimevaa kila nguo niliyo nayo, kanga zote sita juu, na bado usiku wa manane nakaa kitandani nimekumbatia magoti nikisubiri jogoo. Jumapili nilipanda kilimani kwenye mtandao kuongea na mama. Anauliza, "Nikutumie nini mwanangu?" Namjibu, "Niombee tu, mama." Jinsi nilivyolitamka neno lile, wapendwa, ungedhani ni nabii. Nilijiona nina imani. Mwalimu mkuu akiuliza, nina imani. Wazee wa kanisa wakiuliza, nina imani.

Shule ikafungwa Juni. Walimu wenzangu wakaenda kwao. Mimi sikuwa na nauli, kwa kuwa mshahara wa kwanza ulikuwa bado haujaingia, na kidogo nilichokuwa nacho kilikuwa kimeishia kwenye godoro na sufuria. Nikabaki peke yangu katika nyumba ya walimu. Ile ndiyo ilikuwa likizo yangu ya kwanza kama mtumishi wa umma, na sikuwahi kukaa kimya namna ile tangu nizaliwe. Nikisoma Zaburi kwa sauti, sauti yangu mwenyewe inanishtua.

Usiku mmoja wa wiki ya tatu niliingiza jiko la mkaa chumbani. Nikaziba mwanya wa chini ya mlango kwa kanga, na wa dirishani kwa kanga nyingine, nikamshukuru Mungu kwa lile joto, nikalala.

Niliamka kichwa kinapasuka. Nikataka kusimama, miguu ikakataa. Nilitapika palepale, nikatambaa hadi mlangoni, na komeo nililolifungua kila siku likawa kama sijawahi kuliona. Nilichoweza kufanya ni kuiangusha ndoo. Mjukuu mkubwa wa bibi alikuwa ametoka nje kujisaidia, akasikia. Yeye na bibi yake ndio waliousukuma mlango, wakaniburuta hadi nje kwenye barafu, na bibi akanifunika blanketi lake la kitandani, akakaa nami pale kwenye hewa mpaka kulipokucha.

Hapa niseme wazi, kwa sababu kila msimu wa baridi jambo hili linaua watu. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtu anaishiwa nguvu akiwa usingizini. Hata mkaa ulioanza kufifia bado unaitoa. Usilale na jiko ndani. Waambie na wanafunzi waliopanga vyumba mitaani.

Asubuhi bibi alinipa uji, akaniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, kwa nini hukusema? Nilikuwa nakuuliza kila siku."

Nililia, na si kwa sababu ya kichwa. Miezi ile miwili nilidhani bibi ananisalimu tu, kumbe alikuwa ananipa blanketi kila asubuhi nami namrudishia. Nyumba nzima ilikuwa na mablanketi matatu kwa watu saba. Siku ile moja likahamia kwangu, na watoto wakajibana kwenye mawili.

Sasa turudi kwa Paulo. Yuko Roma, amefungwa, anajua hatatoka. Amekwisha kusema, "Mwendo nimeumaliza." Mtu wa namna hii tungemtarajia aandike mambo ya mbinguni tu, na mengi ni ya mbinguni kweli. Lakini katikati yake analikumbuka koti. Analijua liliko, anamjua aliye nalo. Neno la Kigiriki lililotafsiriwa joho lataja vazi zito la safari, ambalo mtu huvaa njiani na kujifunika usiku. Kwa lugha ya huku kwetu, mtume anaomba blanketi.

Na angalia mpangilio. Mstari wa 16 anasema katika jawabu lake la kwanza, yaani alipojitetea mahakamani, wote walimwacha. Mstari wa 17: "Lakini Bwana alisimama pamoja nami akanitia nguvu." Mimi mwaka 2014 ningeishia hapo. Bwana amesimama nami, basi, joho la nini tena? Paulo haoni ugomvi wowote kati ya mstari wa 17 na ule wa 13. Yule yule ambaye Bwana amesimama naye anasikia baridi, na anasema.

Tena ni yeye aliyewaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote. Mstari tunaoupenda wa Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," tumeuandika kwenye fulana, tumeuchora kwenye daladala, na tunakomea hapo. Mstari unaofuata, wa 14, anawaambia wamefanya vema kushiriki naye katika dhiki yake. Kuridhika kwake hakukumfunga mdomo. Kwangu mimi kile nilichokiita imani kilikuwa na kiburi ndani yake. Sikutaka watu wa kijiji wamwone mwalimu wao anatetemeka. Nilikuwa radhi Mungu ajue shida yangu, mradi jirani asijue.

Kuna neno jingine nalipenda katika ule mstari wa 21: "kabla". Timotheo inaelekea alikuwa Efeso, na kutoka huko hadi Roma lazima uvuke maji. Kwenye bahari ile, kuanzia Novemba hivi hadi mwanzoni mwa Machi, merikebu zilitia nanga kwa hofu ya dhoruba. Kumbuka Matendo 27, Paulo alipowaonya wasiendelee na safari kwa kuwa siku za kufunga zilikuwa zimekwisha kupita. Timotheo akichelewa wiki chache, anachelewa hadi mwaka mwingine. Joho linalofika Aprili si joho tena. Na Biblia haituambii kama Timotheo aliwahi. Nimeisoma barua ile mara nyingi nikitamani kuwe na sura ya tano.

Halafu yupo huyu Karpo. Hatajwi popote pengine katika Maandiko. Hatujui kama alihubiri, hatujui kama aliponya mtu. Tunajua kwamba mtu alimwachia koti naye akalitunza. Mimi nampenda Karpo.

Wiki hizi kijijini kwenu au mtaani kwenu huenda kuna mgeni: mwalimu mpya, muuguzi wa zahanati, mwinjilisti aliyehamishwa kutoka joto. Usimwulize, "Una shida gani?" Atakujibu hana. Bibi yangu alilijifunza hilo kwangu, akabadili mtindo wake. Walimu wapya waliokuja baada yangu hakuwauliza kitu. Alimtuma mtoto na blanketi jioni, na maneno haya: "Bibi anaomba umtunzie hili mpaka Septemba." Nani atakataa kumtunzia bibi kitu chake?

Nawe uliye mgeni, na hapa nasema na mtu ambaye labda anausoma ujumbe huu amevaa soksi mbili mbili: sema. Sema leo. Taja na kitu chenyewe kwa jina, kama Paulo alivyotaja joho, na kwa nani, na wapi. "Niombee" ni ombi zuri sana, lakini usilitumie kuficha blanketi.

Mimi nilisema. Jumapili iliyofuata nilipanda kilimani, mtandao ukashika, nikamwambia mama: blanketi zito, soksi, na kofia. Alinyamaza kidogo, akasema, "Hatimaye." Mzigo ulikuja Agosti, ukipokezana mabasi kutoka stendi hadi stendi. Ndani kulikuwa na mablanketi mawili. La pili hakunieleza ni la nani. Nililipeleka kwa bibi usiku huo huo.

Desemba nauli nilikuwa nayo, na sikwenda. Ni mwezi ambao kijiji kinajaa. Wakinga, wenyeji wa huku Makete, ni watu wa biashara, wametapakaa Mbeya, Dar es Salaam na kwingineko, na Krismasi huwarudisha nyumbani na mchele, sukari na vitenge. Watoto wa darasa langu walikuwa na ngonjera ya mkesha wa tarehe 24, na walikuwa wameniomba niwepo. Nikamwomba mama kitu kimoja, safari hii bila kusitasita: nazi.

Katika Matendo 28, meli ilipovunjika Malta, wenyeji waliwasha moto kwa ajili ya wale wageni, kwa sababu ya mvua na baridi. Ukisoma mstari wa 3 unamkuta Paulo, mgeni aliyelowa, anaokota kuni na kuziweka kwenye moto ule ule aliowashiwa. Ndiyo hapo nyoka alipomwuma, na kwa ajili ya nyoka tunazisahau kuni. Nilitaka na mimi niwe na kuni zangu.

Zikaja nazi kumi kwenye kiroba. Mbuzi ya kukunia sikuwa nayo, nikatoboa kopo la bati kwa msumari nikakunia hilo, na vidole vyangu vilijua. Wajukuu sita walikaa wamenizunguka. Nilipopasua ya kwanza, maji yakamwagika, mdogo wao akapiga kelele kwamba tunda lina mvua ndani. Tulikunywa maji yale kwa zamu kwenye kikombe kimoja. Nje mvua ya Desemba ilikuwa inapiga bati, na maua ya Kitulo yalikuwa yamerudi.

Nikapika wali. Bibi alikula taratibu, bila kusema neno, mpaka sahani yake ikaisha. Kisha akaniangalia.

"Mwalimu, hiki ndicho kilichokuwa kinakuita nyumbani?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi niongeze."