Mfupa wa Paka Kwenye Masalia ya Yoana wa Arki

Kila inapotangazwa kanisani kwamba masalia ya mtakatifu fulani yatapitishwa jimboni, waumini hugawanyika: wapo wanaowahi foleni tangu alfajiri, na wapo wanaoulizana pembeni, kwa sauti ya chini, ni nani aliyehakikisha kwamba kilichomo ndani ya kile kisanduku ni mfupa wa huyo anayetajwa. Mimi ni Mkatoliki na niko upande wa hao wanaouliza. Sioni kwamba swali hilo linamvunjia mtakatifu heshima, kwa kuwa walioliuliza mapema kabisa walikuwa watawa na maaskofu wenyewe.

Guibert, abati (mkuu wa monasteri) wa Nogent huko Ufaransa, aliliandikia jambo hili kitabu kizima mwanzoni mwa karne ya 12. Wakati huo Constantinople (Istanbul ya leo) ilidai kuwa na kichwa cha Yohane Mbatizaji, na watawa wa Saint-Jean-d'Angély nao walidai vilevile, naye akasema wazi kwamba mtu mmoja hawezi kuwa na vichwa viwili, hivyo upande mmoja, kama si pande zote mbili, umepotoka. Mwaka 1215 Mtaguso wa nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulipiga marufuku kuuza masalia, na pia kuyaheshimu hadharani masalia mapya bila idhini ya Papa. Katazo la namna hiyo halitoki hewani: miaka 11 tu kabla yake wanajeshi wa msalaba walikuwa wameipora Constantinople na kuisambaza mifupa ya makanisa yake kote Ulaya magharibi. Ni haki kuongeza kwamba wenye shaka nao hutia chumvi. Jean Calvin, kiongozi wa Waprotestanti, aliandika mwaka 1543 kwamba vipande vyote vya Msalaba wa Yesu vikikusanywa vitakuwa shehena ya meli nzima, lakini Mfaransa Charles Rohault de Fleury, aliyevikokotoa vilivyojulikana na kutoa matokeo mwaka 1870, alipata ujazo usiofika hata sehemu ya kumi ya msalaba mmoja.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha Yoana wa Arki, msichana aliyeongoza jeshi la Ufaransa dhidi ya Waingereza na baadaye akatangazwa mtakatifu. Alichomwa moto mjini Rouen tarehe 30 Mei 1431, na majivu yake yakatupwa katika mto Seine, makusudi, ili watu wasipate cha kuokota na kukitukuza. Kwa maneno mengine, masalia yake hayakutakiwa kuwepo. Hata hivyo mwaka 1867 iliibuka chupa kutoka darini mwa duka la dawa jijini Paris, ikiwa na maandishi yaliyosema kwamba ni mabaki yaliyopatikana chini ya kuni alizochomewa Yoana, bikira wa Orléans. Ndani yake mlikuwa na ubavu wa binadamu uliopakwa kitu cheusi, mabonge yaliyofanana na mkaa, kipande cha kitambaa cha kitani, na mfupa wa paja la paka. Huyo paka hakumshtua mtu. Waliotaka kuamini walieleza kwamba zamani paka weusi walitupwa motoni pamoja na walioshtakiwa kwa uchawi, na hivyo kile ambacho kingepaswa kuwatia mashaka kikageuzwa kuwa ushahidi.

Masalia hayo yalitunzwa Chinon chini ya Jimbo Kuu la Tours, hadi Philippe Charlier, daktari mtaalamu wa kuchunguza maiti, na wenzake walipopewa ruhusa ya kuyachunguza, wakatoa majibu mwaka 2007. Waliita hata wanusaji wawili wa viwanda vya manukato, ambao walisikia harufu ya vanila, harufu inayotokana na mwili uliooza taratibu na wala si uliochomwa. Weusi wa ubavu haukuwa wa moto. Ulikuwa mchanganyiko wa utomvu na lami wa kuhifadhia maiti. Kipimo cha kaboni kiliurudisha mfupa huo kati ya karne ya 6 na ya 3 kabla ya Kristo. Ilikuwa maiti ya Misri ya kale, na paka naye alikuwa wa huko huko. Hapo ndipo duka la dawa linapoeleweka, maana kwa karne nyingi wauza dawa wa Ulaya waliuza unga wa maiti za Misri kama tiba.

Hata hivyo, tusiidai maabara kisichowezekana. Mfupa wa paja unaotajwa kuwa wa Yakobo Mdogo, katika kanisa la Mitume Watakatifu mjini Roma, ulipimwa, na majibu yaliyotolewa mwaka 2021 yaliuweka kati ya mwaka 214 na 340, hivyo si wa mtume. Kule Padova, mifupa inayoitwa ya Luka Mwinjili ilipata majibu yasiyopingana na mapokeo: umri unaokubali karne ya kwanza, na vinasaba vinavyoelekea Siria, ambako mapokeo yanasema ndiko alikotoka. Lakini Siria ya enzi hizo ilikuwa na watu wengi. Kipimo kinaweza kumwondoa mtakatifu kwenye mfupa, lakini hakiwezi kumwandika jina.

Jina linategemea mlolongo wa mikono iliyoupokea mfupa, na ndiyo sababu kuhusu Theresia wa Mtoto Yesu, mtawa wa Ufaransa, sina neno. Alifariki mwaka 1897, akazikwa Lisieux kaburi likijulikana, na lilipofukuliwa walikuwepo mashahidi walioandika walichokiona. Masalia ya mitume yana pengo la mamia ya miaka ambalo hakuna hati inayoliziba. Ukigeuza kile kisanduku cha duara cha masalia utaona nyuzi nyekundu zilizofungwa kwa nta na mhuri wa askofu, na pamoja nacho huwa kuna cheti. Mhuri huo unathibitisha kwamba kisanduku hakijafunguliwa tangu siku kilipofungwa, ilhali swali langu linahusu yaliyotokea kabla ya siku hiyo.