Kapeti la stejini kubanduka kwenye shoo ya Krismasi: jinsi nilivyotatua

Shoo imeisha salama, sasa naandika isaidie wengine. Tuliandaa The Nutcracker na watoto hapa Dodoma, ile baleti ya Tchaikovsky ya 1892, na kila mazoezi kapeti la plastiki linabanduka kwenye maungio, mtoto akizunguka kidole kinanasa, hatari kabisa. Tukaongeza tepu, wapi. Tukapiga deki, ikazidi, maana vumbi la huku likilowa linaacha utando. Kilichosaidia: fagia, futa sakafu na spiriti, ikauke, tandika kapeti lilale usiku kucha lijinyooshe, ndo ubandike tepu kuanzia katikati kwenda pembeni. Ila jamani futeni na UPANDE WA CHINI wa kapeti pale tepu inapokaa, vumbi linajificha hukohuko na ndo lilikuwa linaachia tepu muda wote.