Gololi kwenye ziwa la kushoto

Mwezi wa pili nilikua naoga, napitisha sabuni karibu na kwapa nikagusa kitu kama gololi, ziwa la kushoto upande wa nje, ukikibonyeza kinakimbia. Hakiumi. Nikabaki nimesimama na kata mkononi. Nina miaka 26.

Naishi na shangazi hapa Ngamiani, Tanga, nikamwambia, akasema hilo chango tu mwanangu, kanda na maji moto. Nikakanda wiki sita nzima. Simlaumu kabisa, ndo alivyofundishwa, ila usingizi ulikua wa kuibia.

Hospitali nikamkuta daktari mama mtu mzima, akanilaza mkono nyuma ya kichwa akapapasa maziwa yote mawili, kwapa zote, mpaka juu ya mtulinga, huku anauliza kwetu nani kaugua kansa ya matiti, chuchu inatoa damu?, uvimbe unabadilika nikiwa kwenye siku zangu? Akasema kinachokimbia namna hii kwa umri wako mara nyingi ni faibroadenoma, uvimbe tu wa ziwa, sio kansa, lakini mkono wangu hauna macho, nenda ultrasaundi. Mammogramu, ile eksirei ya maziwa, hakuniandikia, maana ziwa la msichana limeshikana, kwenye picha linatoka jeupe na uvimbe nao mweupe, utauonaje? Ile inawafaa zaidi wa miaka 40 kwenda juu. Baada ya hapo wakanichoma sindano ya ganzi wakatoa kinyama kidogo kikaenda maabara, na zile siku za kusubiri majibu ndo zilinimaliza kuliko sindano yenyewe.

Majibu yakaja faibroadenoma kweli. Sijapasuliwa, narudi baada ya miezi sita waangalie kama kinakua, kikikua watakitoa.

Kinachoniumiza ni jirani yetu. Gololi lake lilikua gumu, limeganda pale pale halisogei, akalificha chini ya kanga zaidi ya mwaka kwa sababu haliumi, akaona kisichouma si ugonjwa. Mpaka anasema ngozi ishakua kama ganda la chungwa la Muheza na chuchu imeingia ndani. Sasa ivi yuko Dar, hospitali ya kansa ya Ocean Road, anatibiwa, tunamuombea kila siku.

Shangazi ana miaka 58, hajawahi kupimwa hata mara moja. Juzi usiku kaja chumbani kwangu kajifunga kanga, kanishika mkono, "hebu nishikie hapa mwanangu". Sikuhisi kitu lakini mkono wangu sio wa daktari. Jumatatu asubuhi tunaenda wote.