Kazi nimepata, acha niandike nilivyojiandaa na usaili

Wamenipigia jana mchana, nafasi ya msimamizi wa stoo ni yangu! Aliyewahi kukaa muda mrefu anatuma maombi bila kujibiwa anajua simu ya hivyo ina uzito gani, mi mwenyewe nilishindwa kuongea nikabaki nasema asante, asante sana, mpaka yule dada wa utumishi akacheka. Leo nimetulia, nataka niandike yote wakati bado yapo kichwani, maana najua kuna watu wamejaliwa kazi nzuri mikononi ila wakiingia kwenye kile chumba inakuwa kama hawajawahi kufanya kitu, na hilo linaniuma sana kwa sababu kuifanya kazi na kuielezea ni vitu viwili tofauti kabisa.

Nilianzia kwenye tangazo lenyewe. Watu wengi tangazo la kazi tunalisoma mara moja tu kuona kama tuna sifa, tukishatuma maombi basi, lakini maswali mengi ya usaili yamekaa mule mule. Nikaliprinti nikashika kalamu, kila penye kitendo napiga mstari: kusimamia mapokezi ya mizigo, kuhakiki hesabu, kuandaa ripoti ya mwezi, kufundisha wasaidizi. Alafu pembeni ya kila mstari naandika tukio moja la kweli ambalo mi nimelifanya kwa mikono yangu. Pale kwenye kufundisha skuwa na tukio kubwa, nikaandika tu jinsi nilivyomwelekeza kijana mgeni kusoma vocha za mizigo mpaka akaweza kubaki peke yake zamu ya usiku. Na hilo ndo waliliulizia!

Siku hizi wasaili wengi hawaulizi "ungefanya nini", wanakwambia "tueleze mara moja ambapo ulifanya hivi". Wanaamini ulichokwisha kufanya kinaonyesha zaidi utakachofanya kuliko maneno ya kujisifia. Kuna kampuni ya Marekani inaitwa DDI, toka mwaka 1974 inafundisha njia ya kupanga majibu ya namna hiyo, wameiita STAR, yani unaanza na hali ilivyokuwa, unakuja jukumu lako, unaeleza ulichofanya, unamalizia na matokeo. Njia ni nzuri ila maoni yangu ni kwamba wengi tunaitumia vibaya, tunamaliza pumzi zote kwenye hali, tunasimulia ofisi ilivyokuwa na bosi alivyokuwa, tukifika kwenye "mimi nilifanya nini" muda umeisha na msaili ameshachoka. Hali sentensi mbili zinatosha, sehemu kubwa ya jibu iende kwenye ulichofanya wewe.

Nitoe mfano wangu, hili ndo jibu ambalo naamini lilinibeba. Kazi niliyokuwa nayo zamani kulikuwa na kipindi hesabu ya stoo haikubali, kompyuta inasoma katoni nyingi kuliko zilizopo rafuni, na watu wakaanza kuangaliana vibaya, kila mmoja anamhisi mwenzake mwizi. Nikaomba vocha zote za mapokezi za mwezi ule, nikakaa nazo chini nikazilinganisha moja moja na kilichoingizwa kwenye sistimu. Nikakuta mizigo inayorudishwa na wateja inaingizwa kama mapokezi mapya, wakati vitu vyenyewe vimewekwa kwenye kona ya vilivyoharibika. Kwaiyo sistimu inasema vipo, ukienda rafuni havipo, na hakuna mtu aliyeiba chochote. Nikapendekeza mizigo ya kurudishwa iwe na fomu yake na namba yake maalum kwenye sistimu, wakakubali, hesabu iliyofuata ikakaa sawa na wenzangu waliokuwa wanashukiwa wakafanya kazi kwa amani. Hilo la mwisho nililisema makusudi kabisa, maana matokeo ya kazi siyo namba peke yake.

Sasa kuwa na tukio ni jambo moja, kulisema ni jingine. Dada yangu alikubali kuwa msaili, akavuta kiti akakaa mbele yangu sura kavu, mi najibu simu inarekodi. Mara ya kwanza akanikatisha, "Umezunguka sana mdogo wangu, shida yenyewe ilikuwa nini hasa?" Nikaanza upya. Akanikatisha tena, "Nani alikaa na hizo vocha, wewe au timu nzima?" Nikamwambia ni mimi dada. "Sa mbona unasema tulikaa?" Tukarudia hivo hivo mpaka jibu lote likawa linaingia ndani ya dakika mbili bila kukimbia. Karatasi yangu ya maelezo alininyang'anya na alifanya la maana sana, maana kuna watafiti wawili, Roediger na Karpicke, mwaka 2006 waliwapa wanafunzi maandiko, wengine wakayarudia kuyasoma, wengine wakajaribu kuyakumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, ila ikipita wiki waliokuwa wanajikumbusha bila karatasi ndo walikumbuka zaidi. Na kwenye usaili karatasi huna, kwaiyo zoezi nalo liwe la bila karatasi. Ila usikariri neno kwa neno! Ukikariri, swali likija na sura nyingine unapotea. Shika tukio tu, maneno yatakuja yenyewe.

Woga nao. Moyo ulikuwa unaenda mbio toka nimeamka, na ushauri wa "tulia tulia" haujawahi kunisaidia hata siku moja. Nilishasoma utafiti wa mama mmoja wa Harvard, Alison Wood Brooks, wa mwaka 2014, aliwapa watu mambo ya kutia presha kama kuimba na kuhutubia mbele ya wengine, waliojiambia wana msisimko wakafanya vizuri kuliko waliojiambia wametulia. Ukifikiria inaingia akilini, moyo wa woga na moyo wa hamu vyote vinaenda mbio, kuuhamisha kutoka huku kwenda kule ni rahisi kuliko kuusimamisha. Kwaiyo pale nje nasubiri kuitwa nikawa najiambia nina hamu ya kuwasimulia hawa watu kazi yangu. Na kweli hamu ilikuwepo.

Ndani walikuwa paneli, kila mmoja ana fomu mbele yake, wanauliza kwa zamu, hawatabasamu, wanaandika tu. Kwa mtu asiyejua anaweza kuona ameshakataliwa. Hapana, huo ni usaili uliopangwa, kila mwombaji anaulizwa maswali yale yale na anapewa alama kwa vigezo vile vile. Mtafiti mmoja, Sackett, na wenzake mwaka 2022 walipitia upya tafiti nyingi za njia za kuchagua wafanyakazi wakaona usaili wa namna hii ndo unaongoza kwa kuonyesha nani ataiweza kazi. Mi naupenda kwa sababu ni wa haki, asiyejua kuchangamsha maongezi naye anapata nafasi yake. Msaili akiinama kuandika, mwache aandike, nyamaza kidogo alafu endelea.

Kwa nini niliacha kazi ya zamani nikajibu kwa kifupi bila kumsema mtu. Mshahara nikataja kiwango cha chini na cha juu, nilishaulizia kwa watu wa fani kabla.

Walipouliza kama nina swali, nilikuwa nalo. Nikauliza, "Mtu mtakayemchukua, mngependa baada ya miezi mitatu awe amebadilisha nini hapa stoo?" Mwenyekiti akaweka kalamu chini, mara ya kwanza toka tumeanza, akaeleza kwamba kufunga hesabu za mwezi kunawachelewesha mno kwa sababu kila zamu inaandika kwa utaratibu wake. Hapo nikaelewa wanamtafuta mtu wa aina gani. Nikamwambia ningeanza kwa kukaa na kila zamu niwaone wanavyoandika, kabla ya kuleta fomu yoyote mpya, maana wanaojua ni kwa nini wanaandika hivo ni wao wenyewe. Aliandika hilo pia.

Mkataba umeingia kwenye barua pepe asubuhi hii. Nimeshaupitia mpaka kipengele cha muda wa majaribio, ila kile cha saa za ziada hakijaeleweka vizuri, kwaiyo nawaandikia leo leo kuwauliza kabla sijasaini.